Nyumba ya Cephalus: Wagiriki wa Kale juu ya Mali, Haki, Urafiki na Tabia Njema

Kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri, ambacho kila mwanafunzi wa falsafa hukutana nacho mapema, kinaanzia sebuleni mwa watu. Socrates ameteremka kutoka Athens hadi bandari ya Piraeus kutazama sikukuu ya Bendis, mungu wa kike wa Wathrake. Akiwa njiani kurudi mjini, mtumwa anamshika vazi kutoka nyuma: bwana wake, Polemarchus, anaomba asubiriwe. Polemarchus anamkatalia Socrates kuondoka. Usiku huo wapanda farasi watashindana wakipokezana mienge, na chakula kipo. Socrates anakubali. Nyumbani anamkuta baba wa Polemarchus, mzee Cephalus, ameketi kwenye kiti chenye mto, taji la majani kichwani, ametoka kutoa sadaka uani. Wanaanza kuzungumza juu ya uzee, wanaingia kwenye mali, kisha haki. Mazungumzo hayo yanajaza sehemu kumi za kitabu.

Wasomaji wa kwanza walijua jambo ambalo msomaji wa leo haelezwi mahali popote ndani ya kitabu hicho: walijua nyumba ile iliishaje. Plato aliandika yapata mwaka 375 kabla ya Kristo (KK). Miaka kama 30 nyuma, mwaka 404 KK, watawala wa Athens waliivamia familia ile kwa sababu ya mali yake, wakamuua Polemarchus kwa sumu bila kesi yoyote. Niceratus mwana wa Nicias, mmoja wa wageni waliokuwapo sebuleni, aliuawa na watawala haohao. Lysias, nduguye Polemarchus, ambaye katika Jamhuri ameketi akisikiliza bila kusema neno, aliponea mlango wa nyuma.

Mhadhara huu unaifuata nyumba hiyo, kwa kuwa ndani yake mambo manne ambayo Wagiriki wa kale waliyafikiria kuliko watu wengi wa zama zao, yaani mali, haki, urafiki na tabia njema, yalikutana siku moja na kudaiana. Hekima yao imezoeleka kusomwa kama misemo mizuri iliyotoka vinywani mwa watu waliostarehe. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya hekima hiyo iliandikwa na watu waliozika ndugu na marafiki.

MALI YA MZEE CEPHALUS

Cephalus hakuwa mwenyeji wa Athens. Alitoka Syracuse, katika kisiwa cha Sisilia, akahamia huko kwa kushawishiwa na Pericles, kiongozi aliyetajika kuliko wote wa mji huo katika karne ya 5 KK. Aliishi Athens miaka 30 akiwa miongoni mwa wageni wakaazi: watu huru waliofanya biashara, waliolipa kodi yao maalumu na kuitwa vitani, lakini wasiokuwa na kura wala sauti katika baraza la wananchi. Familia ilikuwa na nyumba tatu na karakana ya ngao. Vita vya Athens na Sparta, vilivyoanza 431 KK na kudumu miaka 27, vilihitaji ngao nyingi.

Utajiri wa namna hiyo huzaa chuki upesi, hasa ukiwa mikononi mwa mgeni. Lysias aliposimama mahakamani baadaye alieleza jinsi familia yake ilivyoutumia. Waligharamia maonyesho ya kwaya katika sikukuu za mji, walitoa michango ya vita kila ilipodaiwa, na waliwakomboa Waathens wengi waliotekwa na maadui. Akaongeza jambo ambalo katika mji uliojaa mashitaka kama Athens lilikuwa kubwa: kwa miaka yote hiyo hawakumshitaki mtu, wala hakuna aliyewashitaki.

Ndani ya Jamhuri, Socrates anamuuliza mzee swali ambalo wengi wangeona haya kumuuliza tajiri nyumbani kwake: mali hii umeirithi au umeichuma? Cephalus hakasiriki. Babu yake alirithi mali karibu sawa na aliyo nayo yeye sasa, akaizidisha mara nyingi. Baba yake akaipunguza hadi chini ya kiwango cha sasa. Yeye ataridhika akiwaachia wanawe kiasi alichopokea, na kidogo juu yake. Socrates anamwambia ndiyo sababu ya swali lake, maana alimwona kuwa mtu asiyeiabudu fedha, na hiyo ni kawaida ya waliorithi. Waliochuma wenyewe huipenda maradufu, na kukaa nao ni kazi kwa sababu hawasifu kitu kingine.

Linafuata swali la pili: faida kubwa ya mali ni ipi? Mzee hataji starehe wala heshima. Mtu anapokaribia kifo, anasema, huanza kuhesabu aliowadhulumu, na usiku hushtuka usingizini kwa hofu. Mali humwezesha mtu mwema asiondoke duniani akiwa na deni la sadaka kwa miungu au deni la fedha kwa binadamu, na asilazimike kudanganya. Sharti la mzee ni zito: faida hiyo humfikia mtu mwema tu. Mwingine anaweza kuwa na kasha lilelile la fedha na asiipate kamwe.

Mwanafunzi mwingine wa Socrates, Xenophon, askari na mwenye shamba, aliliweka suala hilihili kwa hesabu. Katika kitabu chake juu ya uendeshaji wa nyumba na shamba, Socrates anamwambia kijana tajiri Critobulus kwamba anamhurumia kwa umaskini wake. Mali yote ya Socrates, nyumba ikiwemo, ingeuzwa kwa mina 5, yaani drakma 500. Mwishoni mwa karne ya 5 KK fundi aliyejenga hekalu juu ya Akropoli alilipwa drakma 1 kwa siku, kwa hiyo mali ya Socrates ilikuwa ujira wa fundi mmoja kwa siku 500. Ya Critobulus ilizidi hiyo mara 100. Lakini Critobulus alidaiwa sadaka kubwakubwa, karamu za wageni, ufugaji wa farasi na gharama za merikebu za vita, na hata mali hiyo ingekuwa mara tatu isingemtosha. Socrates alikuwa na kinachotosha matumizi yake, na kama angepungukiwa alikuwa na watu wa kumsaidia.

Katika kitabu hichohicho wanakubaliana kwamba mali ni kile ambacho mwenyewe anajua kukitumia. Farasi akimwangusha asiyejua kumpanda, ni hasara juu ya hasara. Fedha ikimfungulia mtu mlango wa kuharibikiwa mwili, nafsi na nyumba, haistahili kuitwa mali.

HAKI YA MWENYE NGUVU

Mzee Cephalus anaporudi kwenye sadaka zake, anamwachia mwanawe mjadala kama urithi. Polemarchus anashika kauli iliyoaminiwa na Wagiriki wengi wa siku zake: haki ni kumpa kila mtu anachostahili, yaani kumtendea rafiki mema na adui mabaya. Kwa kauli hiyo waliendesha siasa, vita na visasi vya koo.

Socrates anaitikisa kwa maswali. Itakuwaje mtu akikosea, akamdhania mwovu kuwa rafiki na mwema kuwa adui? Na farasi akiumizwa, je, huwa farasi bora au duni zaidi? Binadamu je? Kama kumdhuru mtu kunamwongezea uovu, mwadilifu anawezaje kuutumia uadilifu wake kuzalisha waovu? Hatua kwa hatua wanafikia mahali ambapo pengine hakuna aliyepatarajia wakati chakula kinaandaliwa: kumdhuru mtu, awe rafiki au adui, si kazi ya mwenye haki. Polemarchus anakiri, tena anasema yuko tayari kupigana bega kwa bega na Socrates kuitetea kauli hiyo.

Thrasymachus, mwalimu wa ufasaha kutoka Chalcedon, anashindwa kuvumilia. Kwake yeye, haki ni maslahi ya mwenye nguvu. Kila serikali hutunga sheria za kujifaidi, kisha huziita haki, na anayezivunja huadhibiwa kama mhalifu. Mjinga huzitii, mwerevu huzitumia.

Mwaka 404 KK fikra hiyo ilipata serikali. Athens ilisalimu amri kwa Sparta, na kwa nguvu za Sparta watu 30, walioitwa Thelathini, wakakabidhiwa mji. Mkali wao alikuwa Critias, mshairi na mtu wa elimu, aliyewahi kufuatana na Socrates, na ndugu wa ukoo wa mama yake Plato. Mwanzoni waliwaua watu waliojipatia riziki kwa kuwashitaki wenzao mashitaka ya uongo, na wananchi wengi wakafurahi. Halafu wakawaua waliowahofia. Halafu wakawaua wenye mali. Kitabu cha katiba ya Waathens, kilichotoka katika shule ya Aristotle, kinataja waliouawa kuwa si chini ya 1,500, katika utawala ambao haukutimiza mwaka.

Yaliyoipata nyumba ya Cephalus yanajulikana kwa sababu Lysias aliyaeleza mahakamani mwaka 403 KK, akimshitaki Eratosthenes, mmoja wa Thelathini. Hotuba hiyo ipo hadi leo. Kwa maelezo yake, wawili kati ya watawala, Theognis na Peison, waliwaambia wenzao kwamba miongoni mwa wageni wakaazi wamo wanaoipinga serikali, na kwamba kisingizio hicho kitawapa nafasi ya kupata fedha, maana hazina ilikuwa tupu. Wakaamua kuwakamata wageni 10. Wawili kati yao walichaguliwa kwa kuwa ni maskini, ili ikisemwa kwamba serikali inatafuta mali, wawe na jibu.

Walimkuta Lysias akiwakirimu wageni. Wakawafukuza wageni, wakamwacha chini ya ulinzi wa Peison, na wengine wakaenda karakanani kuwaorodhesha watumwa. Lysias akamuuliza Peison kama angekubali fedha amwokoe. Lysias akaahidi talanta 1 ya fedha, yaani drakma 6,000, na Peison akakubali, akaapa kwa kujilaani yeye na watoto wake kwamba akiipokea atamwokoa. Lysias akaingia chumbani na kufungua kasha. Peison alipoona kilichomo akawaita watumishi wake wawili, akabeba vyote: talanta 3 za fedha, sarafu 400 za Cyzicus, sarafu 100 za dhahabu za Uajemi na vikombe 4 vya fedha. Lysias akaomba aachiwe nauli tu. Peison akamwambia ashukuru akiokoa mwili wake.

Ni vigumu kupata maelezo yaliyo wazi zaidi ya jinsi haki ya mwenye nguvu inavyofanya kazi. Sheria ipo, orodha ipo, hata kiapo kipo. Kinachokosekana ni mtu ambaye kiapo chake kina maana.

Lysias alipelekwa nyumba ya mtu waliyefahamiana, Damnippus, ambamo Theognis alikuwa akiwalinda wengine waliokamatwa. Damnippus alipokwenda kusema na Theognis, Lysias akakumbuka kwamba nyumba ile ilikuwa na mlango wa nyuma. Milango mitatu aliyopaswa kuipita aliikuta wazi yote. Akakimbilia kwa Archeneos, mwenye merikebu, akamtuma mjini kuulizia habari za nduguye. Archeneos akarudi na jibu: Eratosthenes amemkamata Polemarchus barabarani na kumpeleka gerezani. Usiku uliofuata Lysias akavuka bahari hadi Megara. Polemarchus akaamriwa kunywa sumu.

Mtu aliyekubaliana na Socrates kwamba mwadilifu hamdhuru yeyote aliuawa na watu ambao hakuwa amewadhuru.

WALIOTOA NGUO NA MTO

Mazishi ya Polemarchus ndiyo sehemu ya hotuba ya Lysias inayouma kuliko zote. Familia ilikuwa na nyumba tatu, lakini Thelathini hawakuruhusu maiti itolewe katika hata moja. Kikakodiwa kibanda, akalazwa humo. Mavazi yalikuwa mengi nyumbani, na walipoombwa hata moja la kumzikia hawakutoa. Marafiki ndio waliochanga: huyu alitoa nguo, huyu mto, kila mmoja alichokuwa nacho. Wakati huohuo mtawala mwingine, Melobius, alikuwa ameingia nyumbani na kuzing'oa hereni za dhahabu masikioni mwa mke wa marehemu.

Lysias hakuyataja majina ya waliotoa nguo na mto. Huenda ilikuwa kwa usalama wao. Katika mji wenye maiti 1,500, kumzika aliyeuawa na serikali kulikuwa kujitangaza.

Aristotle, aliyezaliwa miaka 20 baada ya mauaji hayo, alitumia sehemu mbili nzima kati ya kumi za kitabu chake cha maadili, kinachoitwa Maadili ya Nicomachus, kueleza urafiki. Haki yenyewe aliipa moja. Aligawa urafiki kwa mafungu matatu. Upo wa manufaa, ambamo kila mmoja humpenda mwenzake kwa anachokipata. Upo wa raha, anaouona hasa kwa vijana, wanaopendana kwa kuwa wanafurahishana. Na upo wa watu wema wanaopendana kwa vile walivyo, kila mmoja akimtakia mwenzake heri kwa ajili ya huyo mwenzake. Mafungu mawili ya kwanza huvunjika manufaa au raha inapokwisha. Wa tatu hudumu, lakini ni adimu na huchelewa kukomaa, kwa sababu watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja muda mrefu na kila mmoja amemthibitisha mwenzake.

Aristotle hakuudharau urafiki wa manufaa. Biashara, safari za baharini na mikataba ya miji huendeshwa nao. Alichokataa ni kuuchanganya na ule wa tatu. Alisema pia jambo ambalo mwanasheria yeyote angefaa kulitafakari: watu wakiwa marafiki hawahitaji haki iwasimamie, lakini watu wenye haki bado wanahitaji urafiki. Ndiyo maana, kwa maoni yake, watunga sheria huhangaikia zaidi umoja wa wananchi, ulio ndugu wa urafiki, na hupambana na mfarakano kama adui mkubwa wa mji.

Xenophon ameacha mfano wa urafiki unaofaa kuwekwa kando ya kibanda kile. Ni wakati uleule wa Thelathini, Waathens walipopigana wenyewe kwa wenyewe. Mtu mmoja, Aristarchus, alikuwa amejaliwa nyumba, lakini dada, wapwa na mabinamu walimkimbilia mpaka watu huru peke yao wakafika 14. Mashamba yalikuwa mikononi mwa adui, nyumba za kupangisha hazina wapangaji, fedha hakuna wa kuikopesha. Socrates alimwona amekunja uso, akamwambia amshirikishe mzigo wake. Ushauri wake haukuwa wa mbinguni: hao wanawake wanajua kufuma na kushona, basi wafanye kazi. Aristarchus alikuwa ameona kwamba watu wa hadhi yao hawafanyi kazi za mikono. Socrates akamuuliza kama kula na kulala ndiko kunakowafaa zaidi watu huru kuliko kufanya jambo wanalolijua.

Mtaji ukakopwa, sufu ikanunuliwa. Wakafanya kazi mchana kutwa mpaka jioni, nyuso zilizokuwa zimenuna zikachangamka, na watu waliokuwa wakitazamana kwa shaka wakaanza kupendana. Baadaye Aristarchus akarudi kucheka na Socrates: sasa wanawake wanalalamika kwamba yeye peke yake ndiye anayekula humo ndani bila kufanya kazi. Katika kisa hiki kifupi rafiki anatoa akili, mali inatoka kwenye kazi, na heshima inarudi nyumbani.

KUTENDA MPAKA KUKAWA TABIA

Swali gumu linabaki. Critias alimsikiliza Socrates kama Polemarchus alivyomsikiliza. Alikuwa na ukoo, elimu na ufasaha. Kwa nini mmoja akawa muuaji?

Socrates mwenyewe anatoa mwanga kwa alichokifanya mwaka huohuo. Thelathini walimwita yeye na wenzake wanne, wakawaamuru waende kisiwa cha Salamis kumleta mtu aitwaye Leon, auawe. Lengo lilikuwa kuwachafua watu wengi iwezekanavyo kwa damu. Wanne wakaenda, wakamleta Leon, akauawa. Socrates akaenda zake nyumbani. Hakuhutubia, hakupigana. Alikataa tu kuwa mkono wa dhuluma, akijua kwamba huenda angeuawa kama serikali ile isingeanguka upesi. Miaka miwili nyuma, mwaka 406 KK, chini ya serikali ya wananchi, alikuwa amekataa vilevile. Umati uliojaa hasira ulitaka majenerali wahukumiwe wote kwa kura moja kinyume cha sheria, na yeye, akiwa zamu katika baraza lililosimamia mkutano, alipinga. Tawala mbili zilizopingana, shinikizo moja, jibu moja.

Aristotle alieleza jambo hilo kwa utulivu wa mwalimu. Hakuna anayezaliwa mwadilifu au dhalimu. Mtu hujenga nyumba mpaka akawa mjenzi, na hutenda haki mpaka akawa mwenye haki. Kusikiliza mafunzo bila kuyatenda ni kama mgonjwa anayemsikiliza tabibu kwa makini kisha asinywe dawa. Kwa kipimo hicho, Critias alisikiliza. Socrates alifanya mazoezi: alikuwa amekataa mara ya kwanza, na mara ya pili ilimkuta na nguvu zilezile.

Hata ukarimu Aristotle aliupima kwa njia hiyo. Wingi wa kilichotolewa hauonyeshi ukarimu. Unaonyeshwa na hali ya anayetoa kulingana na alicho nacho, hivyo anayetoa kidogo kutoka kwenye kidogo anaweza kuwa mkarimu kuliko tajiri. Aliyetoa mto kwa ajili ya maiti ya Polemarchus anaingia humo kikamilifu.

Lakini heshima kwa wahenga hawa haitimii bila kuwakosoa. Familia ya Cephalus ilikuwa na mali nyingi, na Lysias anaitaja mali hiyo mahakamani kwa mfululizo mmoja: ngao 700, fedha na dhahabu, shaba, mapambo, samani, mavazi ya wanawake, na watumwa 120. Anawahesabu watu hao baina ya vitu, kama watu wa Peison walivyowahesabu. Mke wa Polemarchus hana jina. Aristotle, aliyefundisha kwa ustadi mkubwa kwamba kila mtu hupata tabia kwa kutenda, aliandika pia kwamba wapo watu waliozaliwa kuwa watumwa. Hapo alikosea vibaya, na kosa lake lilitumiwa karne nyingi baadaye na watetezi wa biashara ya utumwa. Ndani ya kitabu chake cha maadili mwenyewe alilegea: mtumwa kama mtumwa hawezi kuwa rafiki, alisema, lakini kama binadamu anaweza. Wosia wake, alipofariki mwaka 322 KK, ulikataza vijana waliomhudumia wasiuzwe, na ukaagiza waachwe huru wakikua wakistahili. Moyo wake ulikuwa umeona kitu ambacho nadharia yake ilikikana.

KIAPO CHA MWAKA 403 KK

Thelathini waliangushwa na wahamishwa waliorudi wakiongozwa na Thrasybulus. Critias alikufa vitani papo hapo Piraeus. Lysias, kwa simulizi zilizobaki, aliwasaidia wahamishwa kwa fedha na ngao.

Kilichofuata kiliwashangaza hata Wagiriki wenyewe. Waliorudi walikuwa na kila sababu ya kulipiza kisasi kwa kanuni ya kale ya kumtendea adui mabaya. Badala yake mji mzima uliapa kutoyakumbuka mabaya yaliyopita. Waliobaguliwa katika msamaha huo walikuwa Thelathini wenyewe na wachache walioshika nyadhifa chini yao, na hata hao waliweza kusamehewa wakikubali kutoa hesabu ya utumishi wao. Thelathini walikuwa wamekopa fedha Sparta za kupigana na wananchi. Makubaliano yalisema kila upande ulipe madeni yake. Wananchi walioshinda waliamua deni hilo lilipwe na mji wote kwa pamoja, na kitabu cha katiba ya Waathens kinawasifu kwa hilo kwa maneno ya heshima kubwa.

Lakini mji huohuo uliona vigumu kumtendea haki mgeni. Thrasybulus alipendekeza uraia kwa wote waliorudi naye kutoka Piraeus. Pendekezo likapingwa kortini na kuangushwa, na Lysias akaishi siku zake zote akiwa mgeni mkaazi, akiwaandikia wengine hotuba za mahakamani. Mwaka 399 KK Athens ikamshitaki Socrates, mwenye umri wa miaka 70, na kumhukumu kufa kwa sumu. Rafiki yake tajiri Crito alikuwa tayari kulipa atoroshwe. Socrates alikataa, kwa hoja ileile iliyozaliwa nyumbani kwa Polemarchus: kudhulumiwa hakumpi mtu ruhusa ya kudhulumu.

Mafundisho haya hayakubaki Ugiriki. Katika karne ya 9 baada ya Kristo, Maadili ya Aristotle yalitafsiriwa kwa Kiarabu wakati Baghdad ilipokuwa mji mkuu wa tafsiri duniani. Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, aliyatumia katika kitabu chake Tahdhib al-Akhlaq, ambamo urafiki na mapenzi baina ya watu vimepewa nafasi kubwa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alichota katika mkondo huo alipoandika Ihya juu ya malezi ya nafsi, na Ihya ni kitabu kinachojulikana vyema kwa wanazuoni wa pwani ya Afrika Mashariki. Anayefundishwa Lamu au Unguja kwamba tabia njema hupatikana kwa kuirudia mpaka ikazoeleka, anapokea kwa njia hiyo fikra ambayo wanazuoni wa Kiislamu waliisoma, wakaipima kwa dini yao, na kuirithisha.

Ombi la mhadhara huu ni kwa walimu wa falsafa, uraia na historia wanaofundisha kwa Kiswahili. Jamhuri isifundishwe peke yake. Mwanafunzi asome kwanza mazungumzo ya sebuleni Piraeus, kisha asome hotuba ya Lysias dhidi ya Eratosthenes, ambayo ni fupi na inaweza kumalizwa kwa vipindi vichache. Ajue kwamba mwenyeji aliyemzuia Socrates asiondoke aliuawa, nani alimwibia, na nani alimzika. Ndipo aulizwe haki ni nini. Na kwa kuwa hotuba hiyo inastahili kusomwa na watu wengi zaidi, wafasiri wenye ujuzi wa Kigiriki waiweke katika Kiswahili fasaha, pamoja na maelezo yake, ipatikane katika maktaba za shule.